Kitambaa cha Fundi Saa

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, tulimwita Mama Pazia, na jina hilo lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima: alishona mapazia, na nyumba nyingi za mtaa wetu zilisitirika kwa mikono yake. Ya pili tuliisema akiwa hayupo. Mwanamke yule alikuwa haachi kuchungulia. Panda ngazi na mgeni, pazia lake linatikisika. Rudi na mfuko mzito, linatikisika. Mimi ni mpishi wa shule, nimezoea kukodolewa macho na mamia ya watoto wenye njaa, lakini jicho lile moja lilinikera kuliko yote hayo. Siku moja nilimwambia mbele za watu kwamba nitaanza kumtoza kiingilio.

"Nitoze tu," alinijibu bila kuona haya. "Ila kwanza ulete burudani. Maisha yako hayana lolote la kutazama."

Watu walicheka, nami nikanuna wiki nzima. Hivyo ndivyo tulivyoishi, paka na panya, mpaka ukaja mwaka ule wa maradhi.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, vyumba vimeuzunguka ua wa saruji. Katikati ya ua kuna bomba, na kando ya bomba kuna kamba za Dobi, bwana mmoja mpole mwenye ndevu za mvi aliyekuwa akifua nguo za nusu ya mtaa. Juu kuna roshani nyembamba inayozunguka pande zote nne, yenye vyuma vya kuegemea ambavyo mkono unavifikia kutoka mlangoni. Mimi na Mama Pazia tulikaa upande mmoja wa juu. Upande wa pili, uso kwa uso na dirisha lake, alikaa kaka yake, Fundi Saa. Mzee huyo alitengeneza saa za watu maisha yake yote, na hakuwahi kufika popote kwa wakati. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Wazazi wao walikwisha kutangulia, ndoa za wote wawili zilikuja zikapita, watoto hawakujaliwa. Kaka alikuwa na dada, dada alikuwa na kaka, basi.

Maradhi yalipoingia mjini, shule ilifungwa nikabaki na mikono mitupu. Kwenye lango la nyumba tuliweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa uzi kisiende na mtu. Tulivaa barakoa, tukasalimiana kwa viwiko, tukacheka kidogo. Kisha magari ya wagonjwa yakaanza kupita barabarani mchana kutwa, na kicheko kikatuishia kooni. Mtu akipiga chafya tu uani, milango mitatu inafungwa.

Aliyetutoa usingizini kabisa ni Mzee wa Redio. Alikaa chumba cha chini karibu na lango, peke yake, na redio yake ilikuwa haizimwi. Tulipita mlangoni pake asubuhi na jioni, tunasikia taarifa ya habari, tunasikia muziki, tunasema, "Mzee leo yuko kwenye taarabu zake," tunakwenda zetu. Dobi ndiye aliyempelekea shati, akagonga, akagonga tena, hakuitikiwa. Mzee alikuwa ameshafariki tangu juzi yake. Redio ilikuwa bado inaongea.

Waliovaa mavazi meupe walikuja wakamchukua. Hatukumwosha, hatukumzika, hatukuketi pamoja hata kidogo. Tulisimama kila mtu mlangoni pake, tukiwa tumeziba midomo, tukawatazama wakipita naye. Mama Pazia alikuwa anatazama upande mwingine kabisa. Alikuwa anatazama mlango wa kaka yake.

Kuanzia siku ile mwanamke yule alikuwa roho juu. Hakai, hasimami. Hofu yake aliieleza wazi, hakuificha: aliamini kaka yake atakufa nyuma ya mlango uliofungwa huku sisi tukipita tunaimba. Kwenda kukaa naye hakuthubutu. Alikuwa akipokea wateja, akienda dukani kununua vitambaa, akigusa nguo za watu. Na kama ni kumletea mzee maradhi, basi yeye ndiye angeyaleta. Kwa hiyo akawa anampigia simu. Anampigia akiamka, anampigia akila, anampigia sindano ikikatika. Kupitia ukutani nilisikia yote, maana simu aliifungulia spika ili mikono iendelee kushona.

"Kaka, unapumua?"

"Nisingekuwa napumua ningepokea na nini?"

"Usinijibu hivyo. Kifua vipi?"

"Kifua kizuri. Kinachouma ni sikio."

Mwishowe mzee akaizima simu kabisa, akaiweka kwenye droo pamoja na saa zilizoharibika. Alitoka roshani akapaza sauti kutoka upande wake, "Dada yangu, nakupenda, lakini utaniua wewe kabla ya maradhi!"

Ndipo Mama Pazia alipotuitisha uani, kila mtu amesimama mbali na mwenzake kama kuku waliogombana. Alikuja na mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye mapazia. Kila mlango akaukatia kipande chake, akakipiga pindo vizuri. Changu kilikuwa cha maua ya njano. Cha Dobi kilikuwa cha mistari. Cha kaka yake kilikuwa cha buluu iliyoiva, kitambaa kizito cha bei, kilichobaki kwenye pazia la bi harusi mmoja ambaye harusi yake iliahirishwa.

"Ukiamka, anika kitambaa chako kwenye chuma mbele ya mlango wako," alisema. "Jioni, kiingize ndani. Jua likifika kwenye bomba na kitambaa cha mtu hakijatoka, tunakwenda kugonga. Hakuna simu, hakuna kusumbuana. Mzee wa Redio alitupita hivihivi. Hatupitwi tena."

Nilitaka kusema kwamba sasa amepata kibali rasmi cha umbeya wake. Lakini nilikumbuka ile redio, nikafunga mdomo.

Basi tukazoea. Ukiamka, kabla hata ya kunawa uso, unakwenda kuanika kitambaa na kuhesabu vya wenzako kwa macho. Sikuwahi kudhani kwamba nitapata faraja kuona kitambaa cha mke wa fundi bomba, mwanamke tuliyekosana kwa sababu ya ndoo. Lakini nilikuwa nikikiona, moyo unatulia. Mji mzima ulikuwa unanyamaza, maduka yamefungwa, hujui nani atafuata, na pale uani kulikuwa na rangi kumi na moja zikikwambia kwamba sisi bado tupo.

Siku moja nililala nikapitiliza. Nilishtuliwa na mlango unaopigwa kama wa mtu anayedaiwa. Nikafungua nikiwa na nywele zimesimama, nikawakuta watu saba wamejipanga roshani, barakoa usoni, mmoja ameshika nyundo ya kuvunjia kitasa.

"Jamani! Mtu hata kulala hana haki?"

"Kitambaa kiko wapi?" Mama Pazia aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kiko kwenye kiti. Mimi niko hapa. Sasa utachagua unachotaka."

Hakucheka. Aliegemea ukuta, akapumua, akaondoka. Wenzangu ndio waliocheka, nami nikabaki nikiona haya. Habari hiyo ilitambaa nyumba nzima, na kila mtu akaanza kuogopa kutembelewa na watu saba na nyundo. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kutuponza.

Fundi Saa naye alitii, kwa njia yake. Mtu aliyeweza kushika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga alikuwa hajui kuanika kitambaa. Alikibana kwa kibanio kimoja, kwenye ncha moja, kikaning'inia kimejisokota. Kila asubuhi dada yake alimpigia kelele kutoka dirishani.

"Kaka! Kitambaa cha bei ile umekitundika kama ulimi wa mbwa?"

"Uliomba dalili ya uhai! Hukuomba mapambo!"

Ndiyo yalikuwa maongezi yao ya siku nzima. Yakishaisha, cherehani ya Mama Pazia inaanza kulia, na mimi nyuma ya ukuta najua kwamba siku imeanza salama.

Msimu wa mvua ulitukuta hivyo. Sasa, kuna jambo moja ambalo katika nyumba yetu halijawahi kuandikwa wala kujadiliwa: mvua ikianza, nguo ya jirani ni nguo yako. Hata kama hamsemezani, unaianua. Dobi ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Tone la kwanza likianguka, ameshaanza kukimbia, na mkono wake umejaa mashati ya watu.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa ghafla. Dobi alianua za kwake, kisha akapanda juu akazunguka roshani yote, akavianua vitambaa vyetu kimoja kimoja na kukitundika kila kimoja kwenye kitasa cha mlango wa mwenyewe. Sote tulifungua, tukaingiza vyetu, tukamshukuru kwa sauti. Cha buluu kilibaki kwenye kitasa. Giza lilikuwa limeingia mapema, mvua inapiga mabati, hakuna aliyekiona.

Alfajiri Dobi alipanda kuchukua nguo chafu kwa watu. Akakiona kitambaa bado kiko pale. Akafikiri kwamba mzee hakujua kimewekwa hapo, anakitafuta ndani hakioni. Akawafikiria watu saba na nyundo. Akamwonea huruma, mtu mzima mgonjwa wa kifua, aamshwe kwa vurugu ile. Basi akakichukua, akakianika kwenye chuma kama anavyoanika nguo zote, vibanio viwili, kimenyooka, hakina hata kunyanzi. Akaenda zake kufua.

Jua lilifika kwenye bomba. Rangi zote zilikuwa zimetoka. Siku hiyo Mama Pazia alikuwa na kazi ya haraka, mapazia ya kutenganisha vitanda vya hospitali ya jirani, na waliyataka jioni ileile. Alichungulia, akaona buluu, akaketi kwenye cherehani. Hakupiga kelele zake za kila siku. Nami niliona buluu, nikaendelea na mambo yangu. Nyumba nzima tuliona buluu.

Alasiri uzi ulimkatikia. Nilisikia cherehani ikinyamaza, nikajua anatunga sindano, na kama kawaida yake atakuwa anachungulia nje huku anatunga. Lakini cherehani haikurudi. Badala yake nikasikia kiganja chake kinapiga ukuta.

"Jirani! Njoo dirishani. Njoo uone kile kitambaa."

Nilitoka roshani nikatazama. "Kipo. Kuna nini?"

"Kimenyooka."

"Basi leo amekusikia. Si ndilo ulilokuwa unalitaka?"

Alipita mbele yangu anakimbia, miguu mitupu, barakoa hana, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alizunguka roshani nzima na mimi nyuma yake. Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili, akimwita kaka, kaka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na nisingependa kuisikia. Watu walitoka wakasimama mbali. Dobi alipanda ngazi mbili mbili, akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Fundi Saa alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza yake ya kazi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo sana, kwa sauti nyembamba, na kila kikishuka sote tuliokuwa mlangoni tulingoja kuona kama kitapanda. Niseme kweli: hakuna aliyeingia. Tulikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu. Mama Pazia peke yake ndiye aliyeingia, akapiga magoti, akakiinua kichwa cha kaka yake akakiweka mapajani mwake.

"Nipo, kaka. Pumua. Niambie nakusumbua. Niambie tu."

Gari la wagonjwa lilikuja. Waliovaa meupe walimweka mzee kifaa cha hewa usoni, wakamteremsha. Dada mtu alikuwa ameshashika ukingo wa kitanda chao. Walimbandua vidole, kwa upole, lakini walimbandua. Ndugu hapandi, walisema. Na wewe uliyemgusa, ingia ndani, usitoke, tutakupigia simu.

Alijifungia. Kitambaa chake kikawa kinatoka asubuhi, mkono tu unaonekana, kisha mlango unafungwa. Mimi nilipika, nikaweka sahani mlangoni, nikarudi nyuma. Mara nyingi sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Hospitali walipiga mara moja kwa siku, na siku nyingine hawakupiga kabisa, na hizo ndizo zilizokuwa ndefu. Nilimsikia akitembea nyuma ya ukuta, dirisha mpaka mlango, mlango mpaka dirisha. Nilikuwa nikigonga ukuta ili ajue nipo. Naye anagonga. Nikajikuta kila nikisikia kikohozi natoka kuchungulia dirishani kwake. Mimi, niliyetaka kumtoza kiingilio.

Kosa la kitambaa halikujulikana siku ileile. Dobi ndiye aliyekuja kulisema mwenyewe. Alisimama uani chini ya dirisha la Mama Pazia, kofia mkononi, sote tukisikia.

"Mama, kile kitambaa nilikianika mimi. Kilikuwa kwenye kitasa. Nilifikiri namsaidia mzee."

Dirisha lilifunguliwa. Nilimwandalia Dobi pole moyoni, maana namjua mwanamke yule ulimi wake.

"Wewe?" alisema. "Siku nzima nimekaa nashona pazia za wagonjwa wa watu, kaka yangu yuko sakafuni, kumbe wewe? Nani alikutuma uguse kitu cha mtu?"

Dobi alikuwa analia waziwazi. "Hakuna aliyenituma. Lakini miaka yote, mama, wingu likitanda wewe ndiye uliyekuwa ukiniita hapohapo dirishani. 'Dobi! Mvua! Anua nguo za watu!' Nimezoea."

Mama Pazia aliegemeza kipaji chake kwenye chuma cha dirisha. Kila mmoja wetu alijua kwamba angekiona kitambaa kile kwenye kitasa, angekianika.

"Kweli nilikuita," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu. "Nenda kafue, ndugu yangu. Usilie peke yako, na mimi nalia huku."

Fundi Saa alirudi wakati mvua za mwisho wa msimu zinakaribia. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya vidaraja vichache, amekonda, suruali imekunjwa kiunoni kwa kamba. Dada yake, aliyekwisha kuruhusiwa kutoka, alisimama juu ya ngazi akijizuia asiteremke kumbeba. Mzee alifika, akamtazama.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Kama kawaida yako," alisema dada mtu, akajifunika uso kwa mikono.

Jioni hiyo Mama Pazia alituitisha uani tena, akatoa sheria mpya. Kitambaa cha mtu kisiguswe. Mvua inyeshe, upepo uvume, kidondoke matopeni, kikae hapohapo. Mwenyewe akitoe, mwenyewe akiingize. Tulikubali sote. Hatukujua jinsi itakavyotuwia vigumu.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, nayo alasiri, nayo kwa ghafla. Tulikimbilia vyetu. Dobi alianua nguo zake, akaingia chini ya upenu, akaifunga mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kitu. Roshani yote ikawa tupu, ikabaki buluu peke yake. Kitambaa kilijaa maji, kikawa cheusi, kikaanza kudondosha rangi kwenye ukuta. Kwa Mama Pazia, aliyeishi kwa vitambaa, lile lilikuwa jambo la kutisha kulitazama. Alikuwa amesimama dirishani kwake, mikono imeshika chuma cha dirisha. Mimi nilikuwa roshani kando yake, naloa.

"Amelala," nilimwambia. "Dawa zinamlevya."

"Mvua ya mabati haya haimwamshi mtu?"

"Ngoja kidogo."

"Nilingoja siku ile."

Mlango ule haukufunguka. Watu walikuwa wametoka kwenye milango yao wakiitazama buluu. Dobi alikanyaga ngazi ya kwanza, akarudisha mguu. Mama Pazia alikuwa ameanza kupumua kwa sauti, kwa namna ya kaka yake. Nilikuwa nimeshamshika mkono, tuvunje sheria, tukimbie, yaishe.

Mlango ukafunguka kidogo. Hakutoka mtu. Ulitoka mkono, mwembamba, ukapapasa chuma kushoto, ukapapasa kulia, ukakipata kibanio kimoja kilichokuwa kwenye ncha moja. Ulihangaika nacho. Kisha kitambaa kikavutwa ndani, kizito, kinachuruzika maji, na sauti ya mzee ikasikika kutoka gizani.

"Mbona kimeachwa kikaloa hivi? Nyumba hii haina majirani?"

Dobi alikaa kwenye ngazi akacheka huku akifuta macho. Nikageuka nimwambie Mama Pazia neno, sikumkuta. Alikuwa amelivuta pazia lake mpaka mwisho, na nyuma yake nilimsikia analia kama mtu aliyetua mzigo. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuliona pazia lile likifungwa wakati watu bado wako nje. Nilisimama pale mvuani mpaka alipogonga ukuta, nami nikagonga.